Mshika Bendera wa Kona ya Tatu

Kazi ya kushika bendera Anisia hakuianzia kwenye mbio za magari. Aliianzia kwenye barabara ya vumbi iliyokuwa ikiwekwa lami kutoka upande wa Kahama kwenda Geita. Alivaa fulana ya rangi ya chungwa yenye mistari inayong'aa na kofia ngumu, na usoni alijifunga kipande cha khanga ili vumbi la moramu lisimjae puani. Mkono mmoja nyekundu, mkono mwingine kijani. Upande huu ukisimama, upande ule unapita. Madereva wa malori walimtukana, wa mabasi walimpigia honi, na wenye magari ya vioo vyeusi walimtazama kama nguzo ya umeme. Yeye hakuangalia nyuso zao. Aliangalia magurudumu, kwa sababu alikwisha kuona kwamba dereva anaweza kukuchekea vizuri tu huku gurudumu lake linatambaa kukujia.

Wakati huo alikuwa analala kambini, na binti yake Jenifa alikuwa analelewa na bibi yake huko Ushirombo. Baba yake Jenifa, Bujiku, alikuwa amekwenda machimboni upande wa Geita. Mwanzoni alirudi kila mwezi, baadaye kila sikukuu, halafu zikaja habari kwamba ana nyumba nyingine huko. Hakukuwa na kikao wala ugomvi. Anisia aliendelea kuitwa Mama Jenifa, basi. Lami ilipofika mwisho kazi nayo ikaisha, akahamia Shinyanga mjini, akapanga chumba mtaa wa Kambarage, akamchukua binti yake, akawa anauza michembe ya viazi vitamu na karanga sokoni. Bendera hakuziwaza tena mpaka Gregory alipompigia simu.

Gregory alikuwa msimamizi wao kwenye ile barabara, mtu wa maneno machache ambaye hata akikuonya unaweza kufikiri anakusalimu. Alimweleza kwamba kuna watu wanaopenda magari, mafundi wa gereji, wafanyabiashara wa ng'ombe, madereva wa makandarasi wa migodi, wamekubaliana kufanya mashindano kila kiangazi kwenye mbuga nje kidogo ya Segese. Misimu miwili ya kwanza watazamaji walisimama popote walipotaka na ndama mmoja akagongwa. Sasa walitaka mambo yawe na utaratibu. Gregory alipewa kazi ya kutafuta washika bendera, na alitaka watu ambao gari likiwajia hawababaiki. Wa kwanza kumkumbuka akawa Anisia.

Mafunzo yalikuwa asubuhi moja tu, palepale mbugani. Njia ya mashindano ilikuwa duara refu lililochongwa kwa greda juu ya udongo mweusi uliokauka, lenye kona nne, na kila kona ilikuwa na mtu wake nyuma ya tuta la udongo. Kijani ni kwenda. Nyekundu ni kusimama kabisa. Gregory alikaa muda mrefu zaidi kwenye njano. Alisema njano ikipanda maana yake mbele kuna hatari, na kwa kuwa hawakuwa na redio za kutosha, ikipanda kona moja basi kona zote zinapandisha. Hapo hakuna tena wa kumpita mwenzake. Magari yote yanapunguza mwendo, pikapu ya usalama inaingia njiani, na wote wanajipanga nyuma yake kwa mpangilio uleule waliokuwa nao. Hatari ikiondolewa, pikapu inatoka, kijani inapanda, mashindano yanaendelea.

Mshika bendera mwingine, kijana aitwaye Masalu, aliuliza itakuwaje kwa yule ambaye alikuwa amewaacha wenzake mbali. Gregory akajibu kwamba ataendelea kuwa wa kwanza, ila wale wa nyuma watakuwa wamemfikia. Masalu akasema hiyo siyo haki. Gregory akasema haki ina watu wake, na wao pale wameitiwa kuangalia. Kisha akawapa kanuni moja ambayo Anisia alikwisha kuijua tangu barabarani: ukiona vizuri, amua; usipoona vizuri, inua.

Anisia alipewa kona ya tatu.

Jambo moja lilikuwa linajulikana na wote, na hakuna aliyeliona kuwa tatizo. Mdogo wake, Telesphori, alikuwa miongoni mwa washindani. Huyu alikuwa kitinda mimba wa kwao, na Anisia alikuwa amembeba mgongoni mpaka watoto wengine wakawa wanamcheka kwamba ameota kigongo. Sasa alikuwa fundi kwenye gereji moja Kalangalala, Geita mjini, na alikuwa na Starlet aliyoikuta imetupwa, haina injini wala milango, akaiunga kidogo kidogo kwa muda mrefu. Msimu wa kwanza alimaliza karibu na mkia. Msimu wa pili injini ilimzimikia. Huu ulikuwa wa tatu, na safari hii watu wa gereji walikuwa wanasema gari limekubali.

Aliyetarajiwa kushinda alikuwa Abel, dereva wa gari dogo la abiria kati ya Kahama na Geita, ambaye kila siku ya Mungu anashindana na wenzake kuwahi abiria na hana haja ya mazoezi mengine. Kwa upande wa mwisho alikuwepo Maganga, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mnene na mcheshi aliyekuwa na Corolla kuukuu. Maganga hakuja kushinda. Alikuja kwa sababu alipenda, na watu walimpigia makofi zaidi ya walivyompigia mwingine yeyote.

Siku yenyewe ilikuwa na upepo. Boza la maji lilimwagilia njia asubuhi, lakini likaharibika pampu, na kufika mchana udongo ulikuwa umegeuka unga. Kila gari lilipopita lilivuta nyuma yake wingu lililokaa hewani muda kabla ya kuondoka. Anisia alifunga khanga yake usoni kama zamani, akasimama nyuma ya tuta lake.

Telesphori alitangulia tangu mwanzo. Mzunguko baada ya mzunguko Anisia alimwona akija, akiegemeza gari kwenye kona hata magurudumu ya nyuma yakafagia, halafu akinyoosha na kuondoka. Abel alikuwa nyuma yake, mara ya kwanza karibu, mara ya pili mbali kidogo, baadaye mbali kabisa. Kufika kati ya mashindano Telesphori alikuwa anamkaribia Maganga aliyekuwa mkiani, tayari kumzidi mzunguko mzima, na Abel alikuwa karibu nusu duara nyuma. Mshika bendera haruhusiwi kushangilia, na Anisia hakushangilia. Ila alijikuta kila Starlet ikipita anavuta pumzi, na hakuitoa mpaka ilipotoka kwenye kona.

Ndipo Maganga akaja. Aliingia kona ya tatu kwa mwendo ambao haukuwa wa kwake, labda kwa sababu alimwona Telesphori kwenye kioo na hakutaka kuzidiwa mzunguko. Corolla ikateleza, mkia ukatangulia, gari likazunguka mara moja, mara ya pili, kisha vumbi likafunika kila kitu. Anisia alisikia mlio wa bati kugusa udongo. Hakusikia injini. Aliangalia penye vumbi, hakuona gari, hakuona mtu, hakujua kama Corolla imesimama pembeni au katikati ya njia, kwa magurudumu au kwa paa. Aliangalia upande wa pili, akaona wingu jingine dogo linakuja kwa kasi kutoka kona ya pili.

Akainua njano.

Kona ya nne wakainua, ya kwanza wakainua, ya pili wakainua. Starlet ikashika breki, ikapita taratibu pembezoni mwa vumbi kama mtu anayepita nyumba yenye msiba. Vumbi lilipotulia Corolla ilionekana imesimama kwa magurudumu yake manne, nje kidogo ya njia, na Maganga yumo ndani anajaribu kuwasha. Ikawaka. Maganga akatoa mkono dirishani akaupungia umati, umati ukacheka na kupiga makofi, akarudi njiani.

Lakini pikapu ya usalama ilikuwa tayari imeingia. Starlet ikawa nyuma yake, na mmoja mmoja wale wengine wakaja kujipanga, Abel akiwa wa kwanza kufika. Ile nusu duara ikawa urefu wa gari moja. Anisia aliwaona wakipita mbele yake kwa mwendo wa maandamano, na Telesphori hakugeuza kichwa.

Kijani ilipopanda, ilibaki mizunguko michache. Matairi ya Starlet yalikuwa yamekwisha, yameliwa na ile kazi ya kuwaacha wenzake. Abel alisubiri kona ya kwanza tu, akaingia kwa ndani, akapita. Telesphori alimfuata mpaka mwisho bila kumfikia. Abel akawa wa kwanza, Telesphori wa pili.

Magari yalipozimwa Anisia alikunja bendera zake akaenda alikokuwa mdogo wake. Alimkuta ameketi juu ya tairi, kofia ya mbio mikononi, uso mweusi kwa vumbi isipokuwa kwenye macho.

"Dada," akasema, "umenimaliza."

Anisia akaondoka kwenda kurudisha bendera. Gregory alimuuliza aliona nini. Akamjibu kwamba hakuona kitu. Gregory akasema sawa, na hiyo ndiyo kesi yote iliyofanyika.

Watu walikuwa na kesi zao. Wengine walisema yule mama wa kona ya tatu ana woga. Wengine walisema ana wivu na ndugu yake, mambo ya ndani ya familia hayo, huwezi kujua. Ilizuka hata hadithi kwamba enzi za barabara aliwahi kuona mwenzake akikandamizwa na mtambo, ndiyo maana anaiogopa mitambo mpaka leo. Jenifa ndiye aliyeileta nyumbani hadithi hiyo na kumuuliza mama yake kama ni kweli. Haikuwa kweli. Kwa muda wote aliokaa barabarani hakuna aliyekufa kwenye upande wake. Alimwambia binti yake hivyo, akaendelea kupepeta karanga.

Telesphori aliacha kumpigia simu. Akiwa na jambo alimwambia Jenifa, na Jenifa akamwambia mama yake, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Miezi ikaenda. Anisia hakuwa mtu wa kulilia jambo, lakini akiwa sokoni, wateja wakiwa wachache, alirudi kwenye kona ile. Alilipima upya lile vumbi. Kila alipolipima lilikuwa zito vilevile, na mkono wake ulipanda vilevile. Kilichomsumbua hakikuwa kama alipaswa kuinua. Kilikuwa kitu kingine, na hakuwahi kukitaja kwa mtu.

Mvua za kwanza zilipoanza, mama yao, Euphrasia, aliwaita Ushirombo kwa ajili ya misa ya kumkumbuka baba yao. Wakaenda wote. Telesphori alimkuta dada yake uani, akatoa shikamoo kama mtu anayelipa nauli, Anisia akaitika marahaba, kikawa ndicho kiasi cha mazungumzo yao mpaka misa ikaisha, watu wakala, wageni wakaondoka. Mchana ule mama yao aliwaketisha wamsaidie kubangua karanga za mbegu. Ungo ulikuwa katikati yao, na kilichosikika ni maganda tu kuvunjika.

"Mimi sikuzaa mabubu," mama yao akasema hatimaye. "Kuna nini?"

Telesphori akajibu kwamba dada yake alimwinulia bendera. Mama yao akauliza bendera ya nini, ya chama? Ikabidi Telesphori aanze mwanzo. Alisafisha ukingo wa ungo kwa kiganja, akaweka punje moja ya karanga, akasema huyu ni mimi. Akaweka nyingine upande wa pili wa ungo, akasema huyu ni Abel, anayenifuata, tazama nilivyomwacha. Kisha akaeleza njano, na pikapu, na namna kila mtu anavyojipanga, akaisogeza punje ya Abel taratibu kuuzunguka ungo mpaka ikaigusa ya kwake.

"Kwa hiyo nafasi yako ya kwanza hukunyang'anywa," mama yao akasema.

"Nafasi sikunyang'anywa, mama. Nilinyang'anywa umbali. Ule umbali nilikuwa nimeutafuta kwa jasho, matairi yote nimeyamaliza hapo. Mwenzangu nyuma alikuwa anajiendea, matairi yake mazima. Akaletwa mpaka mgongoni kwangu bure."

Mama yao alisema bado haelewi mtu mzima anazunguka uwanja mmoja kutafuta nini, lakini kwamba ameumia, hilo amelielewa. Akamgeukia Anisia. Anisia akasema kulikuwa na vumbi.

"Ungesubiri litulie," Telesphori akasema. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu Segese. "Kidogo tu, dada. Ungeona kwamba Maganga yuko salama."

"Lisingetulia kabla yako."

"Kabla yangu vipi?"

Anisia alichukua punje ya tatu, akaiweka kwenye ukingo wa ungo, mbele kidogo ya punje ya Telesphori. "Maganga alikuwa hapa. Wewe ulikuwa hapa, unakuja. Katikati yenu hakukuwa na mtu. Mle ndani ya vumbi nani alikuwa wa kwanza kuingia?"

Telesphori aliziangalia punje. Alikuwa fundi, kitu kikishapangwa mbele yake hakihitaji kuelezwa mara mbili. Akaisogeza ya kwake kidogo, akairudisha.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ningekuambia siku ile wangesikia watu wote. Wangesema nimemwinulia mdogo wangu. Nani angenipa bendera tena?"

Mama yao akaziokota punje zote tatu, akazitupa kwenye bakuli pamoja na nyingine, akawaambia hizo ni mbegu na siyo magari, na kwamba jua linazama na kazi bado. Wakaendelea kubangua. Baada ya muda Telesphori aliuliza kama kweli dada yake huwa anaweza kuona kitu chochote pale kona ya tatu upepo ukiwa ule. Anisia akasema mara nyingi haoni. Wakazungumza kidogo kuhusu upepo, na boza, na namna ambavyo pampu ile ingeweza kutengenezwa.

Ila lile jambo jingine hakumwambia. Hakumwambia kwamba hajui, mpaka leo hajui, kama mkono wake ungepanda upesi vile endapo wingu lile kutoka kona ya pili lingekuwa la Abel. Alipenda kuamini kwamba ungepanda. Kanuni ilikuwa moja, vumbi lilikuwa lilelile. Lakini alikuwa ameliona lile wingu kabla hajainua, na alijua ni la nani.

Kabla ya msimu uliofuata alimwendea Gregory akaomba apewe kona nyingine, isiyomkutanisha na ndugu yake. Gregory akamuuliza ni kona gani ambayo Telesphori hapiti. Anisia akabaki ya tatu.

Mwaka huo boza lilifanya kazi mchana kutwa, na pampu yake ilikuwa imepitia gerejini kwa Telesphori, Kalangalala. Telesphori aliendesha kwa namna tofauti. Aliongoza, lakini hakukimbia kumwacha Abel mbali. Alikaa mbele yake kidogo tu, akitunza matairi, kama mtu anayetarajia kuitwa nyuma wakati wowote. Hakuna bendera ya njano iliyopanda siku hiyo. Mashindano yalikuwa yamekaribia mwisho wakati mvuke ulipoanza kutoka mbele ya Starlet. Rejeta ilikuwa imepasuka. Aliiendesha taratibu mpaka karibu na kona ya tatu, akaitoa njiani, akaipeleka mbali kwenye majani makavu, akazima.

Anisia alitazama. Alimwona mdogo wake akifungua mlango, akashuka, akasimama, akavua kofia. Gari lilikuwa mbali na njia, na hakukuwa na vumbi la kuficha kitu. Abel akapita, na wengine wakapita, kila mmoja kwa kasi yake. Bendera zilibaki chini.

Telesphori alitembea kwa miguu kuja kwenye tuta. Anisia akamwambia asisimame hapo mbele, aje nyuma ya tuta kama wengine wote. Akaja. Wakasimama pamoja wakiangalia mizunguko ya mwisho, na Telesphori akawa anamweleza kwa sauti ya kawaida ni nani anabana kona vizuri na nani anapoteza. Anisia alimsikiliza nusu nusu, macho yake yakiwa kwenye magurudumu.

Abel alishinda tena. Maganga alimaliza wa mwisho na akashangiliwa. Walipomaliza, kaka na dada waliifunga Starlet kwa kamba nyuma ya lori la ng'ombe la Maganga, ambaye alijitolea kuivuta mpaka Geita. Telesphori alikaa kwenye usukani wa Starlet. Anisia aliketi mbele kwenye lori, na njia nzima Maganga alimsimulia habari za mnada, bila hata mara moja kutaja siku ile ya vumbi.